Jina la Wakili Fulgensi

Haya nilisimuliwa na Nadhira mwenyewe, mjukuu wa marehemu dada yangu, siku mbili kabla ya Idi, tulipokuwa uani kwangu tukiandaa mchele wa sikukuu. Yeye alishika ungo, mimi nikachambua mawe. Nadhira ni sajenti wa upelelezi pale Ifakara, na kwa kawaida ukimwuliza habari za kazi anakujibu habari za mvua. Siku ile sijui ungo ulimfanya nini. Sheria mimi siijui. Nimeandika kama alivyonieleza, na pale nisipoelewa nilimrudisha nyuma mpaka nikaelewa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, mvua zimeanza kukata na mpunga umeanza kubadilika rangi. Nadhira alipofika kituoni asubuhi alimkuta Shilinde anamngoja na faili kwapani. Shilinde ni afisa uhamiaji, Msukuma mrefu, mtu wa utani lakini kazini hachezi. Nyuma yake alisimama mama wa miaka hamsini na kitu, kajifunga kitenge, ameukumbatia mkoba kama mtoto mchanga.

"Sajenti, nimekuletea kazi," Shilinde alisema. "Maana ninyi watu wa pwani mkikosa kazi mnasinzia."

"Na ninyi mkikosa ng'ombe wa kuhesabu mnahesabu watu. Kaa, mtani. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, lakini hakukaa.

Shilinde alifungua faili mezani. "Huyu ni mama Justa wa Chita. Kazaliwa Mpika, Zambia. Alifunga ndoa huko huko na fundi wa reli wa kwetu, marehemu Osmundi, wakaja na treni mwaka tisini na moja. Kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea ndoa ile. Mume kafariki mwaka jana, kibali nacho kimekwisha. Ameomba abaki kama mjane wa Mtanzania. Soma."

Nadhira alisoma. Kurasa nne, zimechapwa vizuri, kila jambo mahali pake.

"Maombi mazuri."

"Mazuri kuliko yote niliyopokea mwaka huu. Ndiyo maana nikataka kumjua aliyeyaandika. Tazama muhuri."

Muhuri ulisema: Wakili Fulgensi, na namba yake ya uwakili.

"Nikapiga simu Dar es Salaam, kwenye chama cha mawakili," Shilinde aliendelea. "Wakasema ndiyo, Fulgensi yumo kwenye daftari, aliapishwa mwaka themanini na tisa. Sasa huyo Fulgensi aliyekuja kwangu Jumatatu na mama huyu hana miaka thelathini na sita. Aliapishwa akiwa tumboni?"

Nadhira hakucheka. "Mama anakosa nini?"

"Vitu viwili. Cheti halisi cha ndoa, na hati ya kiapo cha mume kwamba huyu ni mkewe. Cheti kingine kukitafuta Mpika ni miezi. Na mume hawezi kuapa tena. Mama anasema vyote viwili mumewe aliviacha kwa Wakili Fulgensi. Wakili anasema anavifuatilia. Muda wa mama unaisha kesho Ijumaa, saa tisa alasiri. Bila nyaraka hizo, mimi sina mamlaka ya kumwongezea hata saa moja. Nitalazimika kumpa notisi ya kuondoka nchini."

"Aende wapi?"

Ndipo mama Justa aliposema. "Na mimi nauliza hivyo hivyo, mwanangu. Mpika nina makaburi mawili, la baba na la mama. Chita nina kaburi moja, shamba la mpunga, na watoto watatu niliozaa hapa hapa. Huko nitafikia kwa nani?"

Nadhira alivuta daftari lake. "Huyo wakili ulimwona lini mara ya kwanza?"

"Mwaka jana, tulipomaliza arobaini ya mume wangu."

"Kabla ya hapo hukuwahi kumwona?"

"Alikuwa akienda mume wangu peke yake. Mimi nilibaki shambani kuamia ndege."

"Alikwambia huyo wakili yukoje?"

"Alisema ni mtu mzima, ana kikohozi kibaya."

"Na huyu wa sasa anakohoa?"

Mama Justa alifikiri. "Hapana. Nilidhani amepona."

Nadhira aliandika: *kikohozi*. Kisha akauliza mama amekuja na nani mjini. Na shemeji yake, akajibu. Kasmiri, mdogo wake Osmundi, yuko nje anakula muwa. Shilinde alikohoa kidogo, akainama sikioni kwa Nadhira. "Mama huyu akiondoka, shamba hilo litatazamwa na nani?" Nadhira alikuwa ameshaifikia hatua hiyo. Akamwita Kasmiri, akawaomba wengine watoke.

Kasmiri aliingia akijifuta mikono kwenye suruali. Mtu wa miaka hamsini, mwembamba, macho yanatembea.

"Unampenda shemeji yako?" Nadhira alimwuliza.

"Ni mke wa kaka. Nitamchukiaje?"

"Umewahi kufika ofisini kwa Wakili Fulgensi?"

"Mimi? Mambo ya mawakili nayajulia wapi, afande!"

"Sawa. Mimi mwenyewe sijafika. Nataka kwenda sasa hivi, sijui nipitie wapi."

"Pale nyuma ya stendi, mlango wa bluu, ukishapita wauza madumu," Kasmiri akasema upesi, kisha akafumba mdomo.

Nadhira alinyamaza. Anasema kunyamaza kwake ndiko kulikomfundisha upelelezi. Mtu mwenye neno tumboni hawezi kukaa na kimya. Kasmiri alitazama viatu vyake mpaka vikamchosha.

"Nilienda mara moja tu."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza. Kwamba shemeji akirudishwa kwao, shamba linabaki kwa nani. Kuuliza ni kosa?"

"Si kosa. Alikujibu nini?"

"Alinifukuza!" Kasmiri alisema kwa uchungu wa kweli. "Akasema shamba ni la mjane na watoto, na nikirudi na swali hilo ataniandikia barua ya kunipeleka barazani. Nikamwambia, basi nipe jalada la kaka yangu, nijisomee. Hapo akanywea. Akageuka akatazama kabati lililo nyuma yake, vile mtoto anavyotazama chungu cha nyama ya wakubwa. Akasema jalada sina."

"Alisema sina, akatazama kabati?"

"Hivyo hivyo."

Nadhira alimwacha aende kumalizia muwa wake. Kasmiri alikuwa na tamaa, na tamaa yake ilijionyesha mchana kweupe. Lakini kama wakili yule angekuwa ameficha nyaraka ili aziuze, mnunuzi alimjia kwa miguu yake mwenyewe. Mbona alimfukuza? Mwizi hafukuzi mteja. Hapo Nadhira akalifuta jina la Kasmiri kwenye daftari, akaandika neno jingine: *kabati*.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Juu yake kibao: Wakili Fulgensi. Uhamiaji, vibali, uraia, viapo. Bibi mmoja wa miaka kama sitini na nane alikuwa anafagia kizingiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karibu." Akageuza uso ndani, akapaza sauti. "Kaka! Una mgeni."

"Asante, dada," sauti ya kijana ikajibu.

Nadhira alisita na mguu mmoja hewani. Bibi alikuwa na paji pana na mwanya mbele. Kijana aliyekuwa amekaa nyuma ya meza alikuwa na paji lile lile na mwanya ule ule. Kwa miaka, yule angekuwa mama wa huyu. Lakini kaitwa kaka, na ameitika.

Kijana alisimama kumpokea. Kwenye joto lile la Ifakara alikuwa amevaa koti jeusi la suti, mabega yake yamepita mabega ya mvaaji, mikono imekunjwa mara moja. Ukutani nyuma yake vilitundikwa vyeti viwili kwenye fremu, kimoja cha kuapishwa uwakili, mwaka 1989. Chini ya vyeti palikuwa na kabati la mninga lenye kufuli. Kufuli limeshika kutu.

"Wewe ndiye Wakili Fulgensi?"

"Ndilo jina langu."

"Sheria umesomea wapi?"

"Chuo kikuu. Nilimaliza mwaka elfu mbili na kumi na nne."

"Na huyo aliyeapishwa themanini na tisa ni nani?"

"Fulgensi."

"Ambaye ni wewe."

"Ambaye ni mimi," kijana alisema, wala hakupepesa.

Nadhira ameshahoji waongo wengi. Mwongo huomba maji, au hukutazama sana ili uone kwamba hakwepi. Huyu alijibu kama mtu aliyeulizwa asubuhi amekunywa uji wa nini. Ama ni mwongo wa kupewa kikombe, Nadhira akawaza, ama haongopi.

"Kitambulisho chako?"

"Kiko nyumbani."

"Natafuta jalada la Osmundi, fundi wa reli wa Chita. Cheti cha ndoa na kiapo."

"Jalada hilo sina, afande." Na shingo yake ikaanza kugeuka kuelekea nyuma, akaizuia katikati.

"Kabati lile lina nini?"

"Vitu vya kazi."

"Fungua tuone."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Ufagio mlangoni ulikuwa umenyamaza. Nadhira alisimama, akamwambia asifunge ofisi mpaka atakaporudi. Kijana alisema hafungi, hana pa kwenda. Na hilo nalo, Nadhira anasema, alilisema kama mtu asiyeongopa.

Alipofika kituoni alipiga simu Dar es Salaam kwa yule yule karani wa chama cha mawakili. Hakuuliza kuapishwa; hilo Shilinde alishauliza. Aliuliza habari ya cheti cha kazi, kile ambacho wakili lazima akihuishe kila mwaka ndipo muhuri wake uwe na nguvu. Karani alikwenda, akarudi.

"Mara ya mwisho alihuisha mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Tangu hapo kimya. Tumemwandikia barua mbili, hajibu."

"Mna taarifa yoyote juu yake?"

"Hatuna. Kwani amepatwa na nini?"

"Nikijua nitawaambia."

Akakaa na daftari lake. Kikohozi kilichopona bila dawa. Koti la mtu mwenye mabega mapana. Mama anayemwita mwanawe kaka. Wakili aliyeacha kuhuisha cheti ghafla, lakini ofisi haikufungwa hata siku moja. Nadhira ni mtoto wa wenye duka, kwao ni watu wa pwani. Mila za wengine hakufundishwa. Lakini shule ya msingi alikaa dawati moja na msichana wa Kiluguru, watu wa Matombo. Siku moja alikwenda kwao kucheza, akamkuta yule msichana anapiga goti mbele ya mdogo wake wa miaka minne, anamwambia shikamoo babu. Nadhira alicheka mpaka akafukuzwa. Babu alikuwa amefariki, na mtoto yule alikuwa amerithishwa jina lake.

Alifunga daftari, akapanda bodaboda mpaka ofisi ya parokia. Katibu alimfungulia kitabu cha mazishi. Haikuchukua muda. Januari 2023, Fulgensi, wakili, umri miaka sitini na tisa, ugonjwa wa mapafu. Chini yake, kwenye nafasi ya mleta taarifa: Rosemery, dada wa marehemu.

Saa kumi alirudi mlango wa bluu. Safari hii alikuwa na hati ya upekuzi iliyotiwa sahihi na mkuu wake, koplo mmoja aliyemwacha nje, na mama Justa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kabati. Hakuonekana kushangaa.

"Mama Rosemery," Nadhira alimwambia, "huyu kijana ni mwanao."

"Ni kaka yangu," bibi akasema. "Nimemzaa, ndiyo. Nilimwita William. Lakini tangu siku ya kumaliza msiba ni kaka yangu Fulgensi, na watoto wa marehemu wanamwita baba. Kwetu mtu akifa jina haliendi kaburini. Linampata mtoto wa dada. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa nikiwa mdogo, nikacheka. Sasa sicheki." Akamgeukia kijana. "Niambie ilivyokuwa."

William alikaa. Alisema polepole, huku akinyoosha mkunjo wa koti. "Walinikalisha kwenye kiti cha mjomba mbele ya ukoo mzima. Wakanivika koti hili. Wakasema Fulgensi hajafa, Fulgensi huyu hapa. Watu wenye mvi wakanipa shikamoo. Siku mbili baadaye nimekuja hapa kufagia tu, mtu wa Idete akaingia akasema, wakili, nimeleta kile kiapo changu. Hakuniuliza kitu. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia wewe ni William."

"William hayupo, afande. Hata mama yangu hamjui."

"Jina ni mali ya ukoo, wakupe. Uwakili si wa ukoo. Anaapishwa mtu mmoja, kwa mdomo wake, mbele ya Jaji Mkuu, na mtu huyo akifa anazikwa nao. Wewe umesomea sheria, ulijua."

"Nilijua," William alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuangalia chini. "Shahada ninayo. Shule ya Sheria nilifanya mtihani wa mwisho mara mbili, nikaanguka mara mbili. Ya tatu mjomba alilazwa, nikabaki kumwuguza. Lakini kazi hii naijua. Miaka sita nilikaa kwenye stuli ile pale, yeye anasema, mimi naandika. Vibali, uraia, watu wa Burundi, watu wa Msumbiji, wanandoa. Sijamwandikia mtu ovyo."

"Hukumwandikia ovyo. Afisa uhamiaji mwenyewe amekusifu. Lakini kila karatasi uliyoigonga muhuri wa marehemu ni kama ya kufungia karanga. Wako wangapi?"

William alivuta droo, akatoa daftari la shule. "Kumi na tisa. Majina na vijiji vyao yamo." Aliliweka mezani mwenyewe, na muhuri akauweka juu yake.

Mama Justa alikuwa amesimama muda wote. "Na karatasi zangu?" aliuliza. "Mimi sijali ni William au ni nani. Karatasi za mume wangu ziko wapi?"

Watu wote wanne walilitazama kabati.

"Funguo?" Nadhira aliuliza.

"Sijawahi kuwa nazo," William akasema. "Nilipewa jina, koti na kiti. Kabati mpaka sadaka."

Bibi Rosemery alicheka kicheko kikavu. "Mwambie basi sadaka imekwamia wapi, wakili! Aone haya mbele ya wageni. Aliyerithi lazima alime mtama kwa mkono wake mwenyewe, tupike pombe, wakubwa waonje, ndipo vitu vya ndani vifunguliwe. Mwaka wa kwanza kapanda, akaacha kupalilia. Wa pili ndege wamekula, yeye yuko hapa anavaa koti. Huu wa tatu hata jembe hajanoa. Mikono yake itazame, kama ya bibi harusi!"

"Kwa hiyo tangu mwaka jana unamwambia mama huyu unafuatilia," Nadhira alimwambia William, "na ulikuwa unafuatilia mtama."

Nadhira aliitoa hati ya upekuzi, akaiweka mkekani mbele ya bibi. Bibi hakuisoma. "Karatasi hiyo inavunja kufuli, najua. Je, itakuja kuwaeleza waliolala kwa nini limevunjwa? Au hiyo kazi nitaachiwa mimi?"

Koplo nje alichungulia. Nadhira alimwashiria akae. Sheria ilikuwa upande wake, na nyundo ilikuwa kwenye pikipiki. Akavua viatu, akaketi mkekani.

"Mama, sitaki kuvunja. Nikuulize jambo moja tu. Kaka yako alipokuwa mzima, mteja akija kudai karatasi zake, alimwambia asubiri mavuno?"

Nje muuza madumu alikuwa anabishana na mtu.

"Hapana," bibi alisema mwishoni. "Aliwapa pale pale. Hata akiwa mezani anakula, aliacha tonge."

"Basi kabati ni lenu, na vilivyo vyake ni vyenu, vingoje mtama. Lakini hizo za mama huyu zilikuwa za marehemu Fulgensi?"

"Zilikuwa zimewekwa tu."

"Na kesho saa tisa zisipofika uhamiaji, mama huyu atatolewa nje ya nchi kwa sababu shamba la mwanao halikupaliliwa."

Bibi Rosemery alimtazama Justa kwa muda, kuanzia kitenge mpaka vumbi la miguuni. "Una wajukuu huko Chita?"

"Wanne, dada yangu."

"Mzigo wa mgeni haurithiwi," bibi alisema. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, ukatoka ufunguo mdogo. "Kaka, nenda nje. Wewe bado huruhusiwi kutazama." William akatoka akasimama na koplo. "Afande, na wewe usiguse. Mwenye mzigo ndiye atoe mzigo wake. Kingine chochote asikishike."

Kufuli lilikuwa gumu, ikabidi bibi alipake mafuta ya taa kidogo. Ndani, majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba za katani na kupangwa kwa vijiji. Mama Justa alipiga magoti. Idete, akapita. Mlimba, akapita. Chita. Bibi akamshika kiwiko, na jalada la tatu kutoka chini likawa na jina la Osmundi.

Cheti cha ndoa kilikuwamo, cha Mpika, kikavu kama siku kilipotolewa. Na kiapo cha mume, ukurasa mmoja.

"Nisomee," Justa alimwambia Nadhira. "Macho yangu hayataki."

Nadhira alisoma kwa sauti. Osmundi, mtu mzima, mkazi wa Chita, anaapa kwamba Justa ni mke wake wa ndoa. Kwamba ameishi naye hapa bila kutengana. Kwamba watoto watatu waliotajwa ni wao. Na kifungu cha mwisho: kwamba akitangulia yeye kufa, mke wake abaki alipo, kwa kuwa kwao ni hapa. Mama Justa aliziba mdomo kwa mtandio. Bibi Rosemery akasema taratibu, "Hicho cha mwisho kimeandikwa na kaka yangu. Namjua."

Nadhira alikuwa ameshashuka chini kwenye muhuri, maana huko ndiko kesi iliko. Kiapo kililiwa tarehe kumi na tatu Septemba, mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Akatoa daftari lake, akatazama alichoandika kwa simu ya karani. Mwaka huo huo, wa mwisho, cheti cha kazi cha Fulgensi kilikuwa hai. Muhuri ulikuwa umegongwa na wakili wa kweli, aliye hai, mwenye kikohozi. Alirudia kusoma tarehe mara tatu, kisha akapumua.

William hakufungwa pingu. Alivua koti, akalikunja, akampa mama yake. Kituoni koplo alifungua kitabu cha mahabusu akauliza jina. Kijana alingoja mpaka koplo akainua macho.

"Kwa kosa hili ni William," alisema. "Fulgensi msimwandike humo. Hajafanya kitu."

Asubuhi ya Ijumaa palibaki shughuli moja. Kiapo cha Justa mwenyewe, kile kilichoambatana na maombi na kugongwa muhuri usio na nguvu, kilitakiwa kirudiwe. Nadhira alimpeleka mahakamani, maombi yakachapwa upya, na Justa akaapa mbele ya hakimu. Maneno yalikuwa yale yale ya William. Hakimu aliyasoma yote, akauliza nani kayaandika, akatia sahihi bila kubadilisha hata nukta. Foleni ilikuwa ndefu, na mashine ya kuchapia ikagoma mara moja. Walipoingia ofisi ya uhamiaji saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Shilinde alikagua karatasi moja moja, kwa kidole. Cheti. Kiapo cha mume. Namba ya wakili, tarehe, mwaka. Akalinganisha na barua ya Nadhira inayothibitisha ni Fulgensi yupi aliyegonga. Justa alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani.

"Na wale kumi na tisa?" Shilinde aliuliza bila kuinua kichwa.

"Orodha hii hapa. Jumatatu tunaanza na Idete."

"Nitawaombea muda kwa wakubwa. Hao hawakukosa."

"Na huyu?"

"Huyu faili lake limetimia." Akatazama saa. "Dakika nane zimebaki, mtani. Watu wa pwani leo mmekimbia."

Aliandika barua ya kwamba maombi yamepokelewa na mwombaji aendelee kuishi Chita mpaka atakapopewa kibali kipya. Akachukua muhuri wa ofisi, akaunyanyua juu kama alivyozoea, maana Shilinde akigonga muhuri jirani huamka.

"Shhh," Nadhira akasema.

Kichwa cha mama Justa kilikuwa kimeegemea ukuta. Tangu Jumatatu hakuwa amepata hata lepe. Shilinde alimtazama, akaushusha muhuri taratibu, akaugandamiza kwenye karatasi kwa mikono miwili mpaka wino ukashika.

"Amebakiza kutia sahihi ya kupokea," akanong'ona. "Nimwamshe?"

"Gari la Chita linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi mwache."

Wakakaa wote wawili, feni inazunguka. Mama Justa alijigeuza, akapandisha miguu kwenye benchi la serikali bila kuomba ruhusa, akausogeza mkoba chini ya shavu, akalala.